Visiwa Alivyoviona Mwanafunzi

Neno insulini limekwisha zoeleka masikioni mwa watu wa pwani. Hutajwa kliniki, hutajwa kwa muuza dawa, na hutajwa barazani pale bibi anapoulizwa kama amekwisha piga sindano yake ya asubuhi. Wachache hujiuliza neno lenyewe limetoka wapi. Asili yake ni Kilatini, na mzizi wake ni insula, maana yake kisiwa. Basi mgonjwa wa kisukari wa Unguja, wa Pemba au wa Lamu anayejidunga sindano hiyo hutia mwilini mwake dawa yenye jina la kisiwa, ingawa kisiwa kinachokusudiwa hakimo katika ramani ya bahari yoyote. Kimo ndani ya kongosho, ile tezi iliyolala nyuma ya tumbo la chakula.

Kongosho la mtu mzima lina visiwa vya namna hiyo vipatavyo milioni moja, na juu ya wingi huo, vyote kwa pamoja ni sehemu moja au mbili tu kwa mia ya tezi nzima. Vimetapakaa humo kama funguvisiwa, na kila kimoja kimezungukwa na seli za aina nyingine, ambazo kazi yake ni kutengeneza maji ya kuyeyushia chakula. Kwa muda mrefu matabibu walilijua kongosho kwa kazi hiyo moja tu. Aliyeviona visiwa vyake kwa mara ya kwanza na kuviandika hakuwa profesa wala tabibu mwenye sifa. Alikuwa mwanafunzi wa miaka 21, aliyekuwa akiandika tasnifu ya kumalizia masomo. Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba alipokwisha viona na kuvieleza, alikiri kwa uwazi kuwa hawezi kusema vina kazi gani.

Utafiti wa mwanafunzi ni kazi ambayo walimwengu huitazama kwa jicho la dharau kidogo. Kijana hupewa mada na mwalimu wake, hupewa miezi michache, hupewa pembe ya meza katika maabara, na hadubini ambayo wenzake nao wanaisubiri. Huchinja, hukata, hutia rangi, hupima, huandika. Mwisho hutoa kitabu chembamba ambacho wasomaji wake wa hakika ni watahini wawili au watatu, kisha kitabu hicho huwekwa rafuni kikapigwa na vumbi. Kwa sababu hiyo wapo wanaoamini kuwa kazi ya namna hiyo ni mazoezi tu, mfano wa mtoto anayefundishwa kuunda mtumbwi kwa kuchonga kidau cha kuchezea. Historia ya visiwa vya kongosho inaonyesha kuwa kidau hicho wakati mwingine huvuka bahari.

Paul Langerhans alizaliwa Berlin mwaka 1847, mtoto wa tabibu. Alianzia masomo yake Jena, kisha akarudi Berlin na kufanya kazi katika taasisi ya Rudolf Virchow, mwalimu aliyewafundisha matabibu wa zama zake kuyatafuta maradhi ndani ya seli. Hapo alijifunza ufundi ambao wakati huo ulikuwa bado mpya: namna ya kuzipa rangi nyama za mwili ili jicho lipate kutenganisha kitu na kitu. Mwaka 1868 alitumia kloridi ya dhahabu juu ya ngozi ya binadamu, na chini ya hadubini akaona seli zenye matawi, zimekaa katika tabaka ya juu. Matawi yale yalimfanya aamini kwamba ameona seli za mishipa ya fahamu, na hivyo ndivyo alivyoandika.

Hakupatia. Seli zile zipo kweli, na hadi leo zinaitwa kwa jina lake, lakini si za mishipa ya fahamu. Ni walinzi wa kinga ya mwili, wanaokamata vitu vigeni vinavyopenya ngozini. Ilibidi ipite zaidi ya miaka 100, hadi miaka ya 1970, ndipo kazi yao ilipoanza kubainika. Macho ya kijana yalikuwa yameona sawasawa, ila tafsiri ndiyo iliyokwenda upande.

Mwezi Februari mwaka 1869 aliitetea tasnifu yake juu ya kongosho. Ni kijitabu kifupi, na sehemu kubwa ya kazi yake ilifanywa juu ya kongosho la sungura. Humo alizipambanua seli za namna mbalimbali, moja baada ya moja, kwa umbo na kwa mahali zilipokaa. Miongoni mwazo alizitaja seli ndogo zenye pembe nyingi, zilizojikusanya mafungu mafungu, na kila fungu lina upana wa baina ya milimita 0.1 na 0.24. Alieleza kwamba mafungu hayo yametawanyika ndani ya tezi, na kwamba hayafanani na seli zinazoyazunguka. Alipofika hapo alisimama. Ikiwa dhana zilimpitia, hakuzigeuza kuwa matokeo. Akakiri waziwazi kwamba hana maelezo ya kazi yake.

Msomaji aliyekulia pwani ataikumbuka hapa desturi ya vitendawili. Mmoja hutega, wengine hutegua, na wanaposhindwa mtegaji husema: nipeni mji. Hapo hutajwa mji, ukapokewa, na ndipo jawabu linapotolewa. Kutoa mji si aibu. Ni sehemu ya mchezo wenyewe, kwani asiyekubali kutoa mji hubakia akibahatisha, na mchezo hauendi mbele. Langerhans alitoa mji. Alikiacha kitendawili mahali pa wazi, na maelezo ya umbo lake yametimia, ili atakayekuja baadaye asipate tabu ya kukitafuta.

Watunzi wa tenzi wa kale nao walikuwa na mwendo wao katika jambo hili. Aghalabu mtunzi alipofikia tamati alitaja upungufu wake, akawaomba wajuao zaidi yake watengeneze palipoharibika. Na maulamaa, baada ya kutoa jawabu la mas'ala, huongeza kwamba Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Haya si maneno ya kujazia mizani. Ni mpaka unaowekwa baina ya kile mtu alichokithibitisha na kile alichokidhania. Mpaka huo ukikosekana, msomaji hana njia ya kujua wapi pa kuegemea, na kazi nzima huwa kama ukuta uliojengwa kwa mawe na udongo bila ya kuonyeshwa jiwe liko wapi.

Yaliyompata Langerhans baadaye yana huzuni yake. Alipata uprofesa huko Freiburg akiwa bado kijana, lakini mwaka 1874 kifua kikuu kilimkamata, na taaluma aliyokuwa akiipanda kwa kasi ikamponyoka. Katika kutafuta hewa ya kumfaa alifika Madeira, kisiwa cha Wareno katika Bahari ya Atlantiki, na huko akafanya makazi. Alipopata nafuu alifungua kazi ya utabibu katika mji wa Funchal, akawatibu hata wagonjwa wa kifua kikuu waliokifuata kisiwa hicho kwa sababu ileile iliyompeleka yeye. Maabara kubwa za Ujerumani zilikuwa mbali, kwa hivyo aliyageukia yale ambayo bahari ilimletea karibu, akaanza kuwachunguza minyoo wa baharini. Jenasi moja ya minyoo hao aliipa jina Virchowia, kwa heshima ya mwalimu wake. Mwaka 1885 alichapisha kitabu cha mwongozo juu ya Madeira yenyewe.

Alifariki Funchal tarehe 20 Julai 1888, kwa maradhi ya figo, zikiwa zimesalia siku tano atimize miaka 41. Alizikwa hukohuko kisiwani, katika makaburi ya Waingereza. Mwaka uliofuata, katika mji wa Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho, na mbwa yule akapata kisukari. Mwaka 1893 Mfaransa Gustave-Édouard Laguesse aliyarejea yale mafungu ya seli yaliyoandikwa na mwanafunzi wa Berlin, akayaita visiwa vya Langerhans, akafikiri kwamba huenda yakawa yanatoa kitu fulani kinachoingia katika damu. Mwaka 1901 Eugene Opie, huko Baltimore, alionyesha kuwa visiwa hivyo vinapoharibika ndipo kisukari kinapotokea. Mwenye jina hakuyasikia hata moja katika hayo. Alikufa akiwa tabibu wa kisiwani aliyependa minyoo ya bahari, hana habari kwamba ameviachia visiwa vingine jina lake.

Katika miaka hiyo, mtoto aliyepatwa na kisukari cha utotoni alikuwa amekwisha hukumiwa. Dawa ilikuwa haipo. Tiba iliyosifiwa mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa ni kumnyima mgonjwa chakula, apewe kidogo mno kiasi cha kuurefusha uhai kwa miezi, pengine mwaka au miwili. Wazazi walikuwa wakimtazama mtoto akibaki mifupa, na huku wakiambiwa kuwa kumlisha ndiko kumuua. Kitendawili alichokiacha Langerhans, kwa hivyo, hakikuwa tena cha hadubini peke yake. Waliokuwa wakingoja jawabu lake walikuwa vitandani.

Jawabu lilipatikana Toronto, nchini Kanada, na hapo pia wanafunzi walikuwamo. Mwaka 1921 Frederick Banting, mpasuaji wa miaka 29, alimwendea Profesa John Macleod na wazo lake. Alitaka kuifunga mifereji ya kongosho la mbwa ili seli za maji ya kuyeyushia chakula zife, visiwa vibaki, na kutokana na visiwa hivyo ikamuliwe ile dawa iliyokuwa ikifikiriwa tu. Macleod alimpa chumba, akampa mbwa 10, na akaahidi kumpa msaidizi. Palikuwa na vijana wawili waliokuwa ndio kwanza wamalize shahada yao ya kwanza, Charles Best na Clark Noble. Ilipasa wapokezane, kila mmoja kwa zamu yake. Wakarusha sarafu, na zamu ya kwanza ikamwangukia Best. Kazi ilianza tarehe 17 Mei. Zamu ya Noble ilipofika, alimwachia mwenzake aendelee.

Best alikuwa na miaka 22. Shangazi yake alikuwa amekufa kwa kisukari, kwa hivyo aliyajua maradhi yale kwa sura na kwa jina. Kazi yake ilikuwa kupima sukari katika damu na katika mkojo wa mbwa, leo, kesho na kesho kutwa, na kuandika. Ni kazi isiyo na fahari. Mpasuaji hukata, na watu wakaona kwamba amekata. Mpimaji huandika tarakimu, na tarakimu hizo zikikosewa, upasuaji wote umekwenda bure. Katika wiki za mwanzo mbwa wengi walikufa, na hilo halifai kufichwa, kwani elimu hii ina deni kwa viumbe ambao hawakuulizwa. Mwishoni mwa Julai, mbwa aliyetolewa kongosho alidungwa maji yaliyokamuliwa kutoka katika kongosho lililonyauka, na tarakimu za sukari zikashuka. Walirudia tena na tena. Mmoja wa mbwa hao, aliyeitwa Marjorie, aliishi takriban siku 70 bila ya kongosho lake.

Lakini hata hapo, wazo lililowaanzisha halikusimama kama lilivyokuwa. Ilikuja kudhihirika kwamba kuifunga mifereji hakukuwa na haja, na kwamba dawa inaweza kukamuliwa kwa pombe kali kutoka katika kongosho zima la ng'ombe wa machinjioni. Utafiti ulioanza na dhana yenye kasoro ulifika kwenye ukweli kwa sababu wenye kuufanya waliziamini tarakimu kuliko walivyoliamini wazo lao.

Tarehe 11 Januari 1922, katika hospitali kuu ya Toronto, mvulana wa miaka 14 kwa jina la Leonard Thompson alidungwa dawa iliyotengenezwa na Banting na Best. Alikuwa amekonda mpaka uzito wake haukuzidi kilo 30. Sindano ile haikumfaa sana, na mahali ilipoingia palivimba jipu. Ndipo James Collip, mwanakemia aliyekuwa amejiunga nao, aliposhinda siku na usiku akiisafisha. Tarehe 23 Januari mvulana alidungwa mara ya pili, na safari hii sukari ilishuka, nguvu zikaanza kumrejea. Aliishi hadi mwaka 1935. Dawa hiyo ilipewa jina la insulini, jina ambalo lilikuwa limekwisha pendekezwa tangu mwaka 1909, kabla kitu chenyewe hakijashikwa na mkono wa mtu. Hivyo ndivyo maelezo ya mafungu ya seli ndogo katika kongosho la sungura, yaliyokaa tangu mwaka 1869, yalivyopata maana yake baada ya miaka 53.

Ulipofika mwaka 1923, tuzo ya Nobel ilikwenda kwa Banting na Macleod. Best hakutajwa. Banting alimgawia nusu ya fedha zake, na Macleod naye akamgawia Collip. Haki ya uvumbuzi waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto, Banting, Best na Collip, kila mmoja kwa dola moja tu, ili dawa isije ikawa milki ya mtu mmoja. Kuhusu nani alistahiki nini, mabishano yaliendelea kwa miaka mingi. Lakini daftari la vipimo halibishani na mtu. Ndani yake mwandiko wa mwanafunzi una uzito uleule wa mwandiko wa bwana wake.

Na yule aliyeikosa sarafu? Clark Noble akawa tabibu, na pengine jina lake lingekwisha kuwa tanbihi katika hadithi ya wengine. Mwaka 1952 aliletewa kutoka Jamaica bahasha yenye majani ya mmea mmoja, ambao watu wa huko walikuwa wakiuchemsha na kuunywa kwa kutibu kisukari. Asili ya mmea huo ni Bukini, yaani Madagaska. Ni ule wenye maua madogo ya petali tano, ya waridi au meupe, ambao huoteshwa katika nyua nyingi za pwani ya Afrika Mashariki. Noble alimpelekea majani hayo ndugu yake, Robert Noble, aliyekuwa mtafiti wa chuo kikuu huko Ontario. Robert aliyajaribu kwa wanyama. Sukari haikushuka. Kwa kawaida hapo ndipo utafiti unapofungwa na daftari likatupwa. Yeye na wenzake waliona kwamba kilichoshuka ni chembe nyeupe za damu, wakakiandika hicho, na kutokana nacho ikapatikana vinblastini, iliyotangazwa mwaka 1958 na ambayo ni miongoni mwa dawa za saratani. Walikuwa wakitafuta dawa ya maradhi mengine, na waliipata hii kwa kuwa hawakulisitiri jawabu la hapana.

Yote haya yanamhusu kijana aliyeko leo katika maabara ya chuo chochote, awe anahesabu mabuu ya mbu, awe anachunguza mwani, au awe anakata vipande vya ini la panya. Miezi yake inakwisha, mwalimu anataka tasnifu, na wenzake wamekwisha pata matokeo yenye kupendeza. Yeye tarakimu zake hazisemi alichotarajia, au ameona kitu ambacho hakimo katika kitabu. Hapo hujiwa na shetani wa aina mbili. Wa kwanza humwambia azinyooshe tarakimu kidogo ili hitimisho lipate vina. Wa pili humwambia aipe ile ajabu yake jina kubwa na maelezo makubwa, ili aonekane amejua. Anayemsikiliza wa kwanza humdhulumu mgonjwa ambaye huenda bado hajazaliwa. Anayemsikiliza wa pili huenda akapata sifa ya siku mbili, kisha wanaomfuata watapoteza miaka wakiifuata njia isiyofika.

Walimu nao wana sehemu yao. Mwalimu anayempa alama ndogo mwanafunzi kwa sababu jaribio halikutoa jawabu lililotazamiwa, humfundisha somo ambalo halimo katika muhtasari, nalo ni somo la kudanganya. Mtunzi wa mashairi hafundishwi hivyo. Huambiwa kwamba ubeti uliopungua mizani urekebishwe au uachwe, na wala si kujazwa maneno yasiyo na maana ili masikio yadanganyike. Maabara haina budi kuwa na ukali huohuo na upole huohuo: ukali katika kupima, na upole kwa aliyepima sawasawa akakuta asilolitaka.

Kijitabu cha mwaka 1869 hakikuwa na tiba yoyote ndani yake. Kilikuwa na vipimo, maumbo, mahali, na ungamo la kutojua. Lakini wale waliokuja baadaye kuvichunguza visiwa hivyo walikikuta kila kitu mahali pake, hakuna lililoongezwa wala lililopunguzwa, wakaanzia hapo. Bibi anayepigwa sindano asubuhi hii kabla ya chai hamjui Paul Langerhans, na wala hana haja ya kumjua. Inatosha kwamba kijana yule aliandika alichokiona, na pale ujuzi wake ulipokoma, kalamu yake nayo ikakoma.